Bakuli la Pilau Lililorudi na Konokono

Haya, nyinyi mnaotaka kurithi ndoo zangu, kwanza vitoeni hivyo vidude masikioni. Mmeniambia mnafungua biashara ya kuosha matangi ya samaki, na mmeshapata jina la Kiingereza la kuandika ubavuni mwa gari ambalo bado hamjalinunua. Hongereni. Jina ni lenu. Mimi nitawapa habari za maji, kwa sababu nimeyachezea tangu Hemedi wangu akibebwa mgongoni mpaka leo ana ndevu, na haya magoti mnayoyasikia yakilalamika nikiinuka yamechakaa kwenye kazi hiyo hiyo.

Watu hawaamini kwamba kuna mtu anaajiriwa kuosha nyumba ya samaki. Dada yangu aliyeko Tanga mpaka leo anawaambia majirani kwamba nilikuwa idara ya uvuvi ya Kanada. Nimemwacha, anafurahi. Ukweli ni kwamba nilizunguka na mabasi, baadaye na gari la bosi, vitongoji vya Toronto, Weston, Malton, Etobicoke, nimebeba ndoo, mipira ya maji, brashi na mataulo, naingia kwa madaktari wa meno, kwenye mikahawa, kwenye nyumba za wazee na ofisi za mizigo pale karibu na uwanja wa ndege. Mtu anasubiri kung'olewa jino, anatazama samaki, moyo unapoa. Akikuta samaki kaelea tumbo juu, anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyingine mjini. Kwa hiyo msiidharau kazi hii.

Bosi wangu alikuwa Bwana Nizar, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka la samaki wa mapambo huko Etobicoke. Kiingereza alikitumia kwa wateja, Kigujarati kwa mkewe, na Kiswahili kwa kugomba. Mimi nilikisikia Kiswahili chake kila siku. Siku yangu ya kwanza aliniona nanyonya mpira kwa mdomo ili maji ya tangi yashuke kwenye ndoo. Nikachelewa kuutoa, nikayameza maji ya samaki wa daktari wa meno, na kinyesi chao humo humo. Daktari mwenyewe akaniletea ile dawa yao ya buluu ya kusukutulia. Nikashukuru, nikaimeza nayo. Nizar alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha: mpira unaujaza maji kwanza bombani, unaziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, ncha moja unaizamisha kwenye tangi, ya pili unaielekeza kwenye ndoo iliyo chini, ndipo unaachia. Mdomo una kazi zake nyingine.

Ndoo nayo ina adabu zake. Ndoo, wavu au brashi iliyotoka kwa mteja mmoja haigusi tangi la mteja mwingine mpaka imesuguliwa, imeoshwa kwa maji ya moto na kukauka. Nikisema kukauka namaanisha kukauka, si kupanguswapanguswa na taulo lenyewe lina unyevu. Maji machafu ya tangi hayamwagwi kwenye yale matundu ya barabarani yenye nondo. Tundu lile linapeleka maji moja kwa moja mtoni, hakuna mtu anayekaa njiani kuyachuja. Mwagieni maua ya ndani, yanayapenda sana hayo maji.

Na mmea mpya. Hapa nataka mnisikilize hasa. Mmea wa majini ukiununua, hata kama muuzaji anakuapia, hauingii kwenye tangi siku hiyo. Unauweka kwenye ndoo yake peke yake kwa wiki kadhaa. Unageuza kila jani, unapapasa chini yake kwa kidole. Ukikuta utando wa kuteleza kama kamasi, una nukta nukta ndani, hayo ni mayai ya konokono. Lakini wako wengine, wale wakubwa wa kahawia wenye ukubwa wa ndimu, hawatagi kabisa. Wanazaa. Mtoto anatoka na nyumba yake mgongoni, mdogo kama punje ya choroko, na nyinyi mmehangaika miaka mitatu kutafuta chumba cha kupanga. Konokono huyo ana kifuniko mlangoni pake. Ukimtoa majini anajifungia ndani, ananyamaza, wiki kwa wiki. Wewe unasema kafa. Hajafa, amekununia tu.

Nizar hakuogopa kitu duniani isipokuwa konokono. Utotoni alioga ziwani kule Mwanza, akapata kichocho, akakojoa damu, na aliyezimia akawa mama yake. Hawa konokono wakubwa wa huku hawampi mtu kichocho, msije mkatangaza uongo na kusema mmeusikia kwangu. Lakini woga ule ulimpa macho. Aliweza kumwona konokono kwenye fungu la mimea akiwa upande wa pili wa duka, akaacha mteja, akaacha pesa mezani, akaja mbio. Halafu ananihadithia tena habari za gugu maji, lilivyoingia ziwa lao likiwa ua zuri la zambarau, watu wakalisifia, mwisho mitumbwi ikashindwa kutoka ufukweni. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Basi sasa niwape kisa cha jengo letu, maana hamtakikuta kwenye video.

Jengo letu mnalijua, lile la matofali ya kahawia hapa Weston, ukitoka nyuma unashuka kilima unafika Mto Humber. Nilipostaafu nilienda Tanga kupumzika kwa dada yangu, nikakaa miezi. Na nasema bila haya kwamba ningekuwepo, mambo yasingefika yalikofika.

Mwanzo wake ulikuwa pilau. Ghorofani kwetu anakaa Mama Neema, mtu wa Moshi, anafanya kazi ya zamu kwenye maghala ya mizigo Malton. Daktari alimwambia presha iko juu, atafute kitu cha kumtuliza, naye akanunua tangi la samaki. Mimea ya kutia ndani alipewa bure na mfanyakazi mwenzake aliyeing'oa kwenye bwawa la bustani yake. Ghorofa ya juu yetu anakaa Bi Shamsa wa Mombasa, mjane, na binti yake Rukia. Siku moja Bi Shamsa kapika pilau, kamtumia Mama Neema bakuli zima limefunikwa na kitambaa.

Nyinyi mliozaliwa hapa mnarudisha bakuli la watu limeoshwa, linang'aa, halina kitu, na mnadhani mmefanya heshima. Kwetu ni aibu. Chombo kimekuja na chakula, unakirudisha na chochote, hata kama ni maandazi mawili au sukari kidogo kwenye karatasi. Sasa Mama Neema katoka zamu, miguu imevimba, jikoni hamna kitu ila chumvi. Kaangalia huku, kaangalia kule, kaona tangi lake limesongwa na mimea. Akakata fungu, akalitia kwenye bakuli pamoja na maji yake, akafunga utepe uliobaki kwenye zawadi za Krismasi, akapanda nalo kwa Bi Shamsa.

Mtu mwingine angelitupa fungu lile. Bi Shamsa hatupi zawadi ya jirani. Akamtuma Rukia dukani kwa Nizar akanunue tangi la kuiweka mimea. Konokono alikuwa humo, punje ya choroko, hakuna aliyemwona. Akakua. Akazaa. Bi Shamsa akapeleka mahamri ghorofa nyingine, bakuli likarudi na kachumbari, akapeleka tena, na siku hiyo hakuwa na cha kuongezea, akatia mimea na konokono wawili ili watoto wa pale wawachezee. Jirani yule naye akapokea, angefanyaje? Akatafuta tangi, akapeleka mbele. Nilivyoambiwa, kufikia mwisho wa kiangazi lifti ya jengo ilikuwa inashusha na kupandisha mabakuli kutwa, na msimamizi wa jengo akadhani tumefungua hoteli. Nizar aliuza matangi mpaka akaanza kuwaimbia wateja. Hakuna aliyemtajia neno konokono.

Siku niliyorudi kutoka Tanga, begi bado liko mlangoni, Hemedi akaniketisha na kuniambia kwamba anataka kumwoa Rukia, na wenyewe wameshaelewana, kilichobaki ni wazee kwenda kuposa rasmi. Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu. Kabla sijafunga mdomo, mlango ukabishwa. Rukia huyo, ameinama kwa heshima, amebeba bakuli lenye kifuniko cha kushonwa maua. Mama yake ananikaribisha, na hiyo ni zawadi kwa mkwe.

Nikafunua nikitegemea mkate wa sinia. Humo ndani kulikuwa na maji, na konokono mkubwa wa kahawia ukubwa wa ndimu, amezungukwa na wanawe, ananinyooshea pembe. Rukia akaniambia huyo ni bintiye Bi Harusi. Bi Harusi mwenyewe, konokono wa kwanza, yuko juu kwa mama na hajambo.

Nilisema asante. Nikalifunika bakuli haraka kwa mikono miwili, Rukia akadhani ni furaha.

Mlango ulipofungwa Hemedi akanishika mabega. Alinisihi kwa Kiingereza, kwa sababu akiogopa Kiswahili humkimbia, kwamba tafadhali nisiseme neno lolote baya juu ya konokono. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Bi Shamsa ni mtu wa kununa. Kuna binamu yake alimwambia sambusa zake ndogo, wakiwa bado Mombasa, na mpaka leo wote wawili wako Toronto na hawasalimiani. Konokono wale ndio walikuwa fahari yake. Nikiwagusa, mwanangu hana mke. Nilimwambia sawa, nitanyamaza.

Nilinyamaza mpaka kesho yake. Nikakutana na Mama Neema kwenye lifti, akanipa habari kwa furaha kwamba matangi yamejaa, hata sufuria zimejaa, lakini Bi Shamsa ameshapata ufumbuzi. Jumamosi jengo zima linashuka mtoni kula pamoja na kutazama samaki wakubwa wanaopanda mto majira haya, na baada ya chakula wataachia konokono wote kwenye Humber ili wapate nafasi ya kutembea. Nikasema, nikijua ni uongo, kwamba watakufa kwa baridi, nikidhani nimepata pa kuanzia. Mama Neema akasema hata Bi Shamsa alipoletwa huku waliambiwa atakufa kwa baridi.

Hapo ndipo nilipobanwa, wanangu. Nikifungua mdomo, namharibia Hemedi. Nikiufunga, mto unaharibika, na mto hauna wa kuusemea. Na wale konokono nawajua. Hata baridi ya huku wanaivumilia, wanajichimbia kwenye tope na kungoja. Wakianza kuzaana wanawamalizia chakula konokono wadogo wa asili waliokuwepo siku zote, wanajazana, wanaingia kwenye mabomba, na ukishawaachia hakuna mpira wala wavu utakaowarudisha. Nilimpigia Nizar simu. Nikasikia kishindo, nikadhani ameangusha simu. Kumbe ameketi kwenye gunia la changarawe anapigwa upepo na mkewe. Alipopata sauti alitaka kuja usiku uleule agongee watu milango awatangazie habari za gugu maji. Nikamwambia akija sitamfungulia. Basi, akasema, friza. Unawatia kwenye mfuko, unafunga, unawagandisha, wanalala hawaamki, na baada ya siku kadhaa unawatoa na takataka za ndani. Hilo liandikeni mahali, kwa sababu ndiyo njia. Hakuna chooni, hakuna mtaroni, hakuna bustanini.

Nikapata akili moja. Nikapita mlango kwa mlango, isipokuwa mlango wa Bi Shamsa, nikawaeleza watu kwa upole hatari iliyopo, halafu nikasema kila atakayeniletea konokono wake kwenye chombo, chombo chake kitarudi na mbaazi za nazi. Maelezo yangu waliyasikiliza. Mbaazi waliziitikia. Foleni ilianzia jikoni kwangu ikaishia kwenye ngazi. Walikuja na mabakuli, chupa za asali, sufuria za ugali, mmoja kaja na beseni la kuogea mtoto. Wengine walikuwa hawana konokono hata mmoja, wamebeba chombo tu. Nilipika mbaazi mpaka moshi ukapiga kengele ya jengo, tukashuka wote chini, na msimamizi akatukuta uwanjani kila mtu kashika konokono wake kama waumini wa dini mpya.

Kazi hii ilikuwa na ajali zake. Hemedi alirudi na njaa, akafungua friza, akatoa mfuko, akautia kwenye maji ya uvuguvugu aandae mchuzi wa kamba. Baada ya muda akaniita taratibu.

"Mama, hawa kamba wana nyumba."

Nilimnyang'anya tu. Hajala kamba tangu siku hiyo, na Rukia anawapenda, ndiyo ndoa.

Jumamosi ikafika, na aliyebaki na konokono ni Bi Shamsa peke yake. Nilijua ameshasikia, maana jengo lile halifichi hata chafya. Mtoni hakunisalimia. Alikula kidogo, akajifunga mtandio, akachukua ndoo yake ya buluu, akaanza kuteremka njia ya mtoni. Hemedi alinitazama. Uso ulikuwa umempauka. Nikainuka, magoti yakapiga kelele, nikamfuata. Nilimpita kwenye majani, nikamtangulia kwenye ukingo, na kwa kuwa sikuweza kusimama zaidi nikakaa kwenye jiwe lenye maji katikati ya njia.

"Mkwe, wanizuia njia?"

"Nakuzuia."

"Kwa ajili ya konokono?"

"Kwa ajili ya mto."

Nikamweleza yote, na nilimweleza kwa adabu niliyokuwa nayo. Alinisikiliza huku ameikumbatia ndoo. Akasema kwamba hata sisi tulikuja kutoka mbali tukazaa, na mbona mto haujafurika. Hilo najua na nyinyi mtaliuliza, vijana wa Kanada mnapenda kuuliza mambo kama hayo. Nikamwambia sisi tukikosea jirani anatugongea ukuta, tunapunguza redio. Konokono hana redio ya kupunguza. Mdomo wake ulicheza kidogo, akajizuia asicheke, kisha akaketi pembeni yangu kwenye jiwe lilelile na uso ukabadilika.

"Miaka yote hii niko jengo lile," akasema. "Lifti yafunguka, kila mtu atazama viatu vyake. Pilau nikipeleka, watu wala, warudisha bakuli, kwisha. Hawa ndio walioniletea watu. Mama Neema akitoka zamu aja kumwona Bi Harusi. Watoto waja, waniongelesha Kiingereza chao, nami najibu hivyo hivyo. Sasa hawa waenda kwenye friza lako, na Rukia mwamchukua nyinyi. Nani atabisha mlango wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikujiandaa. Roho iliniuma, nawaambieni, kwa sababu nami ni mmoja wa wale waliotazama viatu kwenye lifti. Nilikuwa nawaza mto na mwanangu tu, na huyu mwanamke alikuwa anafiwa na nyumba nzima.

"Mimi," nikamwambia. "Nimestaafu, sina pa kwenda. Nitabisha mimi, na nitakuja mapema, na nitakaa mpaka unitafutie uongo wa kuniondoa."

Kisha akanipa ndoo.

Nikaangalia ndani kuwahesabu kwa jicho, nikaona wadogo, wakubwa, lakini yule mkubwa kuliko wote hayumo. Bi Harusi ametoroka. Wakati sisi tunalia, yeye alipanda ukingo wa ndoo akaondoka zake. Maji yako hatua chache tu. Nikapiga magoti, Bi Shamsa naye akapiga magoti, tukaanza kupekua majani kwa mikono, vizee viwili na mitandio, yeye anaita kwa sauti ndogo Bi Harusi, Bi Harusi, mimi namwambia konokono hana masikio, yeye ananiambia wa kwangu anayo. Mzungu mmoja aliyekuwa anatazama samaki akatusogelea na kuuliza kwa huruma kama tumepoteza hereni. Bi Shamsa akamjibu kwa Kiingereza kwamba tumepoteza bibi harusi. Yule bwana akavua kofia, akapiga magoti pamoja nasi, akatafuta kwa bidii bila kuuliza ni wa ukubwa gani.

Tulimpata kwenye pindo la gauni langu. Alikuwa ameng'ang'ania, amejifunga kifuniko, anasubiri safari. Na hivyo ndivyo wanavyosafiri, vijana wangu. Kwenye nguo, kwenye tope la viatu, kwenye wavu, kwenye mtumbwi uliofungwa juu ya gari bila kukaushwa. Ukitoka mtoni unasugua, unamwaga maji yote uliyobeba, unakausha, halafu ndiyo unakwenda mto mwingine. Tulisugua viatu vyetu palepale kwa kijiti, na vya yule bwana pia.

Bi Shamsa alimtia Bi Harusi kwenye mfuko mwenyewe. Aliniomba dakika moja peke yake mbele ya friza langu, nikampa. Posa tulikwenda wiki ileile kama ilivyopangwa, tukakubaliwa, na Hemedi na Rukia sasa wanakaa Malton na hawana tangi. Bi Shamsa ndiye mnayemwona kule mtoni siku za mapumziko na brashi yake ya kusugulia vyungu, anawasimamisha wavuvi na watu wa mitumbwi, anawakagua nyayo. Kibali hana. Hajaulizwa bado, na mimi namwonea huruma atakayemuuliza. Nyinyi mkianza kazi, mkapita pale na ndoo zenye maji, msiseme mnanijua.

Lakini ahadi niliyoitoa kwenye jiwe ilikuwa ahadi. Jumapili ile, kesho yake baada ya mtoni, niliamka na magoti yamevimba, nikapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika, nikafika mlangoni kwake jua bado halijakaa vizuri, nikabisha hodi. Nikasikia malapa yanaburuzwa taratibu, mnyororo ukatolewa. Alitokea na khanga kichwani, jicho moja bado limelala. Akanitazama mimi, akaitazama korido yote, akaniambia hii si saa ya kubisha mlango wa watu, na kwamba kwao Mombasa mtu mwenye akili angengoja watu waamke.

Kisha akasogea kando nipite.